Hitima ya Nahodha Aliye Hai

Haya ni kweli tupu. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza, na kama kuna neno moja humu la kubuni, basi meno haya sita niliyobakiwa nayo yaning'oke yote siku ya sikukuu, nyama ikiwa mezani. Wapo watakaosema jambo kama hili haliwezekani. Hao ni watu ambao hawajawahi kufungua hata redio wakaona ndani mna nini.

Basi, palikuwa na chombo kikisafiri katikati ya nyota, jina lake Shungwaya. Kilikuwa na watu hamsini na wawili, na siku ninayoisema wote hamsini na wawili walikuwa ukumbini wakila pilau ya hitima. Marehemu mwenyewe alikuwa ameketi katikati, anakula.

Marehemu alikuwa Nahodha Ngwali Sharifu. Alikuwa mtu mrefu, mnyoofu, mwenye sauti ya kuamuru hata akiomba chumvi. Alimaliza sahani ya kwanza akaongezewa ya pili, kwa kuwa hamu ya kula haikuwa imempungua hata kidogo. Siku thelathini zilikuwa zimepita tangu Ramli imtaje.

Ramli ilikuwa mashine. Kila mtu chomboni alivaa bangili ya bati mkononi, nayo bangili ilipeleka kwa Ramli mapigo ya moyo wake, usingizi wake, jasho lake na shinikizo la damu yake. Ramli ilijumlisha na kutoa, na ikiona mizani ya mtu imeelemea, ilimtaja mbele za watu kwa sauti tulivu: fulani, siku arobaini. Katika miaka kumi na tisa ya safari ilikuwa imetaja watu kumi na mmoja. Wote kumi na mmoja wakafa, siku yenyewe au kabla yake kidogo. Mwanzoni watu waliuliza. Baadaye wakawa wanainamisha vichwa tu na kusema, lililoandikwa limeandikwa.

Na kwa kuwa siku ilijulikana, adabu yake nayo ikajulikana. Aliyetajwa alinyang'anywa zana za kazi siku hiyohiyo. Siku ya thelathini alifanyiwa hitima akiwa hai, ajisikilizie mwenyewe anavyosifiwa. Kisha aliomba radhi kwa wote, akasindikizwa hadi Chumba cha Utulivu, mkiani kabisa mwa chombo, mbali na mitambo na makelele, akae humo siku zake kumi za mwisho. Chumba hicho kilikuwa na heshima ya nyumba ya msiba. Hakuna aliyeingia na zana. Hakuna aliyepiga nyundo karibu nacho. Waliokwenda kumwona mtu walikaa dakika ishirini, wakanong'ona, wakatoka.

Karibu na mlango wa ukumbi aliketi Mize Machano, fundi wa hewa wa chombo kile, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, na sahani yake ilikuwa haijaguswa.

"Shoga, pilau inakutisha?" akamuuliza Chiku, mpishi, aliyekuwa akipita na sinia.

"Imezidi chumvi."

"Hujaionja."

"Naiona kwa macho."

Chiku alimtazama, akajua, akapita. Chombo kizima kilijua. Mtu wa kumi na moja kutajwa alikuwa Faki, mume wa Mize, miaka minne nyuma. Faki alikuwa fundi wa pampu, na hata usingizini vidole vyake vilikuwa vikikaza nati. Alipotajwa alikwenda kwa Nahodha kuomba abakiwe na kazi yake hadi mwisho. Nahodha akakataa. Sheria aliitunga yeye mwenyewe: mkono wa aliyetajwa hutetemeka, na mkono unaotetemeka kwenye pampu utaua watu wote. Faki akaomba abakiwe na bisibisi tu, atengeneze saa za watu. Akakataliwa na hilo. Akakaa siku arobaini mikono mitupu, akiitazama kama ya mtu mwingine.

Sasa Nahodha alikuwa amesimama, amefuta mdomo.

"Ndugu zangu," akasema, "nimewaongoza kadiri nilivyoweza. Niliyemkosea naomba aniwie radhi."

"Tumekuwia radhi," wakajibu, na wengine walikuwa wakilia.

Lakini masikio yake yalikuwa makali, na alijua sauti moja imekosekana.

"Mize, hujasema."

"Sina la kusema, Nahodha."

"Neno moja tu."

"Ndilo hilo ambalo sina."

Watu wakageuka kumtazama kama aliyetema mate juu ya kaburi. Mize akabeba sahani yake, akairudisha jikoni ikiwa imejaa, akaenda zake kazini.

Siku ya tano baada ya hapo alikuwa amelala chali chini ya pampu ya ukumbini, akibadilisha mpira. Watu wawili wakapita. Mmoja akasema, "Maskini Nahodha. Alikuwa mtu mwema."

Neno hilo "mwema" lilimwingia Mize kama mafuta ya moto sikioni. Mwenye kovu usidhani kapoa, waliotutangulia walisema, na Mize hakuwa na kovu hata, alikuwa na kidonda kibichi alichokifunika kwa kazi. Alitoka chini ya pampu. Akashika njia ya mkiani, mita mia mbili, akitembea kwa nguvu kiasi kwamba spana zilikuwa zikigongana kiunoni. Hakusimama mlangoni kuvua mshipi wa zana. Hakubisha hodi.

Chumbani mlikuwa na mkeka, taa hafifu, harufu ya udi na kimya kizito. Nahodha alikuwa ameegemea ukuta, jasho likimtoka kwenye paji la uso, anapumua kama aliyepanda ngazi.

"Umekuja kunipa radhi?"

"Nimekuja kukugombeza."

Nahodha akacheka kidogo. "Hilo halijawahi kutokea humu."

"Ndiyo maana mnakufa kimya."

"Sema basi. Kichwa kinaniuma, lakini sema."

"Faki alikuomba bisibisi, Ngwali. Hakukuomba usukani."

"Ningempa Faki, ningempa kila mtu."

"Ungepungukiwa nini?"

"Nidhamu. Watu hamsini na kitu ndani ya kopo, na nje hakuna hata hewa. Bila nidhamu wewe usingekuwa hai kuja kunitukana."

"Nyosha mikono yako."

"Ya nini?"

"Nyosha."

Akanyosha. Ilikuwa mikono mikubwa, mikavu, na haikutetemeka. Aliitazama muda mrefu.

"Ya Faki nayo haikutetemeka," Mize akasema. "Nililala nimeishika."

Alitaka kuendelea. Miaka minne alikuwa ameyapanga maneno yake kama mtu anavyopanga kuni. Lakini pumzi ilikuwa inamwishia, midomo inamwasha, na hapo kitu kikaanza kulia kiunoni mwake, sauti nyembamba ya kukera. Ni kipimo cha hewa cha mkononi, kidude kisichozidi kipande cha sabuni, ambacho fundi hutembea nacho siku zote. Hulia pale hewa chafu tunayoitoa puani inapojaa mahali isichujwe. Mize akakitazama. Mshale ulikuwa umepita rangi nyekundu, umegota mwisho.

"Kinalia nini hicho?" Nahodha akauliza.

Mize akakifunika kwa kiganja.

"Betri," akasema, akakizima.

Akapita nyuma ya pazia, mahali palipo na bamba la ukutani lenye skrubu nne. Akalifungua.

Hewa ya Shungwaya ilipita katika bomba moja kutoka moyoni mwa chombo hadi mkiani, na katika kila chumba paliwekwa mkebe wa chokaa. Chokaa hiyo ndiyo iliyomeza hewa chafu. Ikiwa mpya huwa nyeupe kama unga wa sembe. Ikichoka hugeuka zambarau, na hapo hutupwa. Kila baada ya miezi mitatu Mize alizunguka na toroli, chumba kwa chumba, akabadilisha mikebe yote. Vyumba vyote, ila kimoja. Kubadilisha mkebe kunataka nyundo, na nani anagonga nyundo katika nyumba ya msiba?

Chokaa ya mkebe huu ilikuwa zambarau ya kukaribia weusi, ngumu kama tofali. Kwenye kikaratasi palikuwa na tarehe ya miaka kumi na sita nyuma na sahihi yake mwenyewe. Juu ya mkebe kulikuwa na king'ora cha ukutani, nacho kilikuwa kimezibwa kwa pamba.

Pamba ile aliikumbuka. Ilikuwa wakati wa mtu wa pili kutajwa. Wa kwanza alikufa kwa ugonjwa wake, uliojulikana, na ndiye aliyeomba chumba cha kimya. Wa pili alipoingia, king'ora kikaanza kulia, na wanamama waliokuja kumwona wakasema, we fundi, hebu ondoa kelele hiyo, mtu apumzike. Mize alikuwa na miaka thelathini na mitano. Aliona haya. Akaziba pamba, akanuia kurudi na zana matanga yakiisha. Matanga yakaisha, akasahau, na watu wakazidi kuingia. Faki akalazwa kichwa chake chini kabisa ya mkebe ule, akasema, "Mize, kichwa kinanigonga," na Mize akambusu hapo kwenye paji la uso akasema ndiyo dalili zenyewe. Yeye mwenyewe alitoka humo kila siku kichwa kikimuuma, akaita majonzi.

Akanyanyua bangili yake hadi mdomoni, akanong'ona:

"Ramli. Ulijuaje kwamba Faki atakufa?"

"Waliotajwa hufa," ikajibu mashine.

"Kwa sababu gani?"

"Waliotajwa hufa. Kumi na mmoja kwa kumi na mmoja."

Nyuma ya pazia Nahodha alikohoa. Mize akalirudisha bamba mahali pake. Akaikaza skrubu ya kwanza. Akaikaza ya pili, ya tatu na ya nne. Kisha akatoka bila kuaga.

Siku nzima na nusu ya pili ikapita. Chiku alimkuta ameketi jikoni kwenye gunia la mchele, mkebe mpya wa chokaa magotini, ameukumbatia kama mtoto. Alipoulizwa, alisimulia yote kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Chiku alikuwa ameshika mwiko. Aliendelea kuushika hata baada ya uji kuungua.

"Mlango ule," Chiku akasema mwishowe, "mimi ndiye niliyekuwa naufunga. Nikitoka na sinia naubana taratibu, kelele zisiingie. Mara tatu kwa siku. Watu kumi na mmoja."

"Najua."

"Usiseme, Mize."

"Nisiseme nini?"

"Usimwambie mtu. Humu chomboni kuna watu mama zao walifia humo. Waume zao. Leo wamekufa kwa kudra, na mtu analala usingizi. Ukifungua mdomo, kesho wameuawa. Na wauaji ni nani? Ni sisi, kwa adabu zetu na vikombe vyetu vya uji. Utawaambia hivyo halafu mle meza moja miaka ishirini iliyobaki?"

"Na Nahodha?"

Chiku aliweka mwiko chini.

"Msumeno hukata mbele na nyuma," akasema. "Ana siku tatu. Siku tatu tu, halafu kesho yake unabadilisha huo mkebe kimyakimya, na chumba tunakifanya stoo ya vitunguu. Hafi tena mtu. Nani kapungukiwa?"

"Umefikiri haraka."

"Mimi mpishi. Vitu vinaungua."

"Hayo ndiyo niliyoyataka hata mimi," Mize akasema. "Nimelifunga lile bamba, Chiku. Skrubu nne, moja moja, na yeye anakohoa nyuma yangu. Jana nimekula vizuri. Nimelala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu Faki. Unajua kilichoniamsha?"

"Huruma."

"Sina huruma naye hata ya kumpa paka. Nimeamka nikajumlisha. Akifa, Ramli itakuwa na kumi na wawili kwa kumi na wawili. Faki atakuwa mmoja katika hesabu nzuri. Watasema Faki aliandikiwa, na Ngwali naye aliandikiwa, wote wawili sawa, maiti wenzi. Nitakuwa nimemfanya ndugu yake." Akainuka, mkebe kwapani. "Sitaki Faki awe amekufa kwa kudra. Nataka ijulikane aliuawa. Na ijulikane mmoja wa waliomuua ni mimi."

"Watakuchukia."

"Watapanga foleni nyuma yangu."

Ilikuwa saa mbili asubuhi kwa saa za chombo, watu wako kwenye kifungua kinywa. Mize aliufungua mlango wa Chumba cha Utulivu hadi ukagonga ukuta, akachomoa nyundo kubwa, akaanza kulipiga bomba la hewa. Mlio ulikwenda na bomba toka mkiani hadi usukanini, ukatetemesha vikombe mezani. Watu wakaja mbio, wengine na mkate mkononi, nyuso zimewaka kwa hasira. Kelele, katika chumba kile.

"Mize, umerukwa na akili? Kuna mtu anakufa humo."

"Ndiyo anakufa. Njooni mwone anavyokufa."

Nahodha alikuwa hawezi tena kusimama vizuri. Mize akamshika chini ya makwapa, akamsimamisha mbele ya bamba, akampa spana mkononi.

"Aliyetajwa hapewi zana," Nahodha akanong'ona. Alisema hivyo kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia salamu.

"Sheria ya nani?"

Nahodha akaitazama spana.

"Fungua."

Akafungua skrubu nne. Ilimchukua muda, lakini mikono haikutetemeka, na kila mtu aliiona. Akautoa mkebe wa zamani. Mize akausoma kwa sauti ule mwaka na ile sahihi, akaivuta pamba, na king'ora kikapiga ukelele uliokuwa umezuiliwa miaka kumi na sita. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Hawa ni watu waliozoea rangi ya chokaa tangu wanaingia chomboni. Kila mmoja alijua zambarau ni nini. Walisimama wakiitazama, na waliokuwa na mkate waliushusha.

"Miti yote huteleza siku ya kufa nyani," Mize akawaambia. "Si ndivyo tunavyosema? Mimi nimetafuta nani aliyeipaka mafuta. Nimeanza na mimi. Nahodha, weka mkebe mpya, halafu uwataje."

"Nimtaje nani?"

"Kumi na mmoja. Ramli imewataja wakiwa hai. Wewe wataje wamekufa kwa nini."

Naye akaweka mkebe, akaugongea kwa nyundo mahali pake, akawataja mmoja mmoja kwa ile sauti yake ya kuamuru, ambayo sasa ilikuwa na mpasuko. Alipolifikia jina la Faki alisimama.

"Huyu aliniomba bisibisi," akasema. "Angekuwa na bisibisi angelifungua hili bamba siku ya kwanza. Asingeweza kukaa chini ya skrubu asizifungue."

Hilo Mize hakuwa amelifikiria. Akainama, akaziokota zile skrubu nne sakafuni.

Bi Zuhura, ambaye binti yake alikuwa wa saba kutajwa, alipita katikati ya watu, akamfikia Mize, akamchapa kofi. Mize hakuugeuza uso. Akamchapa la pili. Kisha akaenda kwa Nahodha akamchapa na yeye, kisha akaketi sakafuni katikati ya mlango, na hakuna aliyethubutu kumruka kutoka.

Siku ya arobaini ilifika. Nahodha Ngwali alikuja kwenye kifungua kinywa kwa miguu yake, amekonda, amevaa shati lisilo na cheo. Meza zote zilikuwa na nafasi na hakuna aliyemkaribisha. Akaketi mbele ya Mize.

"Nikuombe tena?" akauliza.

"Sijakuwia radhi. Kunywa uji."

Akanywa. Wakati anakunywa, Ramli ilizungumza kutoka darini, tulivu kama kawaida yake, bila neno hata moja juu ya mtu iliyemkosa.

"Mize Machano. Siku arobaini."

Shinikizo la damu ya Mize lilikuwa juu tangu siku ile ya nyundo, hakuwa akilala, bangili ilikuwa imeyaona yote hayo. Na nisiwafiche, mazoea ni kitu kibaya: watu wawili walikuwa tayari wameinamisha vichwa, na kijana mmoja wa mitambo, bila kufikiri, alikuwa ameunyoosha mkono kuelekea mshipi wa zana wa Mize.

Mize akautazama ule mkono hadi ukarudi ulikotoka.

Chiku akatokeza kichwa jikoni. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, kwa siku ngapi hata yeye hajui.

"Mize," akasema, "nipike pilau?"

"Pika. Nina njaa." Akaivua bangili, akaitumbukiza kwenye uji uliobaki, akainuka. "Saa nne nina zamu ya mikebe. Vyumba vyote."

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika kuwasimulia wageni wangu sebuleni, na nilikuwa nimeridhika nafsi yangu, wakati Mwalimu Tabu, jirani yangu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na moja, alipoivua miwani yake.

"Bwana Shomari, haya yalitokea mwaka gani?"

"Elfu mbili mia mbili na kumi na nne," nikasema upesi, kabla ya kufikiri.

"Na leo tuko mwaka gani?"

Nikatazama dari. Wenzake wakaanza kucheka, mmoja akaniuliza kama nataka koleo la meno au nitatumia uzi. Nikaona bora nijikomboe. Nikainuka, nikawasha jiko, nikachemsha chai ya tangawizi ya watu saba, kisha nikapanda kigoda nikatoa maandazi niliyokuwa nimeyaficha juu ya kabati, yote kumi na manne, nikayaweka mbele yao pasipo kubakiza hata moja.

Mwalimu Tabu alikula mawili. La tatu akalishika tu mkononi.

"Yule nahodha wako," akasema, "kofi moja halikumtosha."